Mwambao wa Muhuta na Rumonge: Ya Kuona na Namna ya Kufika

Ukipanda gari Bujumbura kwenda Rumonge, tafuta kiti cha dirishani upande wa kulia. Magari ya Burundi hupita kulia, na ukielekea kusini Ziwa Tanganyika litakuwa kulia kwako karibu safari nzima, huku milima ikikubana kushoto. Barabara hiyo ni RN3, yaani barabara kuu ya kitaifa namba 3. Inapita Kanyosha, Ruziba na Kabezi, inaingia Muhuta, inafika Rumonge na kuendelea hadi Nyanza-Lac. Mengi ya yale nitakayokueleza yako kando yake, na machache yanadai kupanda mlima. Rumonge iko kilomita 70 na kitu kutoka Bujumbura, kwa hiyo safari ni fupi, ila anayetaka kuona vitu kwa macho yake atenge siku mbili, au tatu ikiwa anapenda misitu.

Kabla ya yote, elewa kwamba vivutio vingi vya mwambao huu havina lango wala dirisha la tiketi. Jiwe la kihistoria liko kilimani juu ya nyumba za watu. Chemchemi ya maji ya moto inatumiwa na wanakijiji kila siku, na mwalo wa samaki ni mahali pa kazi. Ndiyo maana hoteli inaweza kusubiri. Mtafute mwenyeji kwanza. Ukifika sehemu ngeni, ulizia shefu wa kolini, yaani kiongozi wa kilima. Burundi kilima ndicho kijiji: ndiyo ngazi ya chini ya utawala, na kiongozi wake anamjua kila mtu. Msalimie, mweleze umekuja kuona nini, mwombe kijana wa kukuongoza. Utaokoa muda, na hakuna atakayekuuliza mara mbili unafanya nini pale.

Je, lugha? Ukiwa Rumonge Kiswahili kitakutosha kabisa, kwa sababu mji huu ni wa wavuvi, wachuuzi na Waislamu wa siku nyingi, na Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwa wengi. Ukipanda vilimani utahitaji Kirundi kidogo. Asubuhi sema "mwaramutse", baada ya mchana "mwiriwe", na wakati wowote "amahoro". Kushukuru ni "murakoze". Mtu mzima usimpite bila salamu. Hapa salamu ndiyo inayofungua mazungumzo, na swali la njia lisilotanguliwa na salamu hujibiwa kwa mkato.

Nyaraka gani zinahitajika? Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawalipii viza kuingia Burundi, lakini pasipoti au hati ya kusafiria lazima iwe mkononi, kwani njiani kuna vizuizi vya polisi. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Wanaotoka Kigoma huvukia Manyovu upande wa Tanzania na kuingia Mugina upande wa Burundi, kisha hushuka kwenda Nyanza-Lac na kupandisha na mwambao hadi Rumonge. Kwao ziwa litakuwa kushoto. Wakivuka warudishe saa nyuma kwa saa moja, maana saa za Burundi ziko nyuma ya zile za Tanzania, Kenya na Uganda. Wengi huchelewa au kuwahi gari kwa sababu hiyo tu. Anayekuja na gari lake akumbuke kuhamia upande wa kulia wa barabara.

Ramani nazo zinaweza kukuchanganya. Mwaka 2015 serikali iliunda mkoa wa Rumonge, ukajumuisha tarafa za Muhuta, Bugarama, Burambi, Buyengero na Rumonge. Kisha nchi ikapangwa upya: sheria ya 2023, iliyoanza kutekelezwa 2025, ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5. Sasa Muhuta iko mkoa wa Bujumbura, na Rumonge iko mkoa wa Burunga. Vitabu na mabango mengi bado yanataja majina ya zamani. Ukiuliza njia, taja jina la mahali penyewe, kama Gitaza, Magara, Minago au Kigwena, na uyaache majina ya mikoa.

Sasa fedha. Tembea na faranga za Burundi taslimu, tena noti ndogondogo, kwa kuwa nje ya Bujumbura mashine za kutolea pesa ni chache na kadi za benki hazikubaliki sokoni. Ukikaa siku kadhaa, laini ya simu ya Lumitel itakuwezesha kutumia Lumicash, huduma ya kutuma na kupokea pesa kwa simu, na madukani wengi wanaipokea. Kama una noti za Burundi ulizozihifadhi tangu safari ya zamani, zikague: mwaka 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi iliondoa kwenye mzunguko toleo la zamani la noti za 5,000 na 10,000, na muda wa kuzibadilisha ulikuwa mfupi sana.

Gharama kubwa ya safari hii itakuwa usafiri. Burundi imekuwa na uhaba wa mafuta kwa miaka kadhaa sasa, na nauli hupanda siku petroli inapokosekana. Nakushauri usiamini nauli uliyoambiwa mwezi uliopita. Muulize abiria mwenzako, si dereva, kwamba leo wanalipa ngapi. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni Hiace au Probox za abiria zinazokwenda Rumonge. Ni nafuu, ila gari likishajaa dereva hasimami ili upige picha. Ya pili ni kukodi gari zima, peke yako au mkiwa watu watatu au wanne mnaochangia. Ukikodi, patana mambo matatu kabla ya kuondoka: bei ya siku nzima, nani ananunua mafuta, na vituo mtakavyosimama. Kwa anayetaka kuona Mugere, Muhuta na fukwe kwa siku moja, njia hii ya pili ndiyo yenye maana.

Siku ya Jumamosi usipange kuondoka alfajiri. Asubuhi hiyo wananchi hufanya kazi za maendeleo za pamoja, maduka hufungwa na magari huzuiwa mpaka kazi ziishe, kwa kawaida saa nne na nusu hivi.

Kituo cha kwanza ni Mugere, kilomita 12 kusini mwa Bujumbura. Ukitoka barabarani unapanda kidogo hadi kwenye jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25-XI-1871. Watu wengi huambiwa kwamba hapa ndipo Stanley alipomkuta Livingstone kwa mara ya kwanza. Si kweli, na ni vizuri ujue kabla mtoto hajakuuliza. Walikutana Ujiji, karibu na Kigoma ya leo, mwaka huohuo. Baada ya hapo wakapanda mitumbwi pamoja kwenda kaskazini mwa ziwa, na hapa Mugere walilala siku mbili, kuanzia 25 hadi 27 Novemba, wakiwa wageni wa chifu Mukamba. Walikuwa na swali kubwa kichwani: je, mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia? Kama ungekuwa unatoka, Tanganyika lingeweza kuwa chanzo cha Nile. Walipofika mdomoni mwa mto wakaona maji yanaingia ziwani, na dhana hiyo ikafa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu nzuri ya kusimama hapa. Geuka uangalie kaskazini-magharibi, na siku isiyo na ukungu utaona uwanda walioutafuta. Atakayekusimulia habari za jiwe, mpe chochote cha shukrani. Picha piga upendavyo, ila usikwaruze wala kuandika jina lako juu yake.

Kutoka hapo unaingia Muhuta. Mji wake mdogo ni Gitaza, kando ya barabara, na nakuomba usipite mbio. Sehemu nyingine za nchi kuna uwanda mpana uitwao Imbo kati ya ziwa na milima. Hapa Muhuta uwanda huo unakaribia kwisha: milima ya Mirwa inateremka moja kwa moja kuelekea majini, nyumba zimeng'ang'ania mteremko, mihogo na migomba imepandwa mahali ambapo mtu hupanda kwa mikono na magoti. Ng'ambo, upande wa Kongo, safu nyingine ya milima imesimama. Sababu ya sura hii ni bonde la ufa. Ardhi ilipasuka na kuzama kwa mamilioni ya miaka, kingo zikabaki juu, na shimo likajaa maji. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, likiwa la pili duniani baada ya Baikal la Urusi, na urefu wake unazidi kilomita 650. Mteremko unaouona juu ya kichwa chako unaendelea vilevile chini ya maji.

Mteremko huohuo ni hatari. Mwishoni mwa Machi 2015 mvua kubwa iliporomosha udongo na mawe maeneo ya Gitaza na jirani zake. Watu walikufa, nyumba zilifukiwa na RN3 ikakatika. Maporomoko yamerudi tena miaka ya karibuni. Fanya hivi: panga safari yako kati ya Juni na Septemba, majira ya kiangazi. Ukilazimika kuja kati ya Oktoba na Mei, na hasa Machi na Aprili, piga simu asubuhi kwa mtu aliyeko Gitaza au Rumonge kuulizia barabara. Mvua kubwa ikinyesha ukiwa njiani, gari lisisimame chini ya ukingo uliochimbwa wala kwenye kijito kinachovuka barabara. Maji ya kijito yakibadilika ghafla kuwa matope mazito, ondoka hapo upesi. Kipande cha kilomita 45 kati ya Gitaza na Rumonge kiliingizwa kwenye mradi wa ukarabati uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2018, ukiwa umeunganishwa na barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu upande wa Tanzania, kwa hiyo huenda ukakutana na mitambo na wajenzi njiani.

Kusini ya Muhuta, upande wa Magara na Resha, milima inaachia nafasi kidogo na fukwe za mchanga zinatokea. Ziko hoteli za ufukweni, na watu wa Bujumbura huzijaza mwisho wa wiki, kwa hiyo anayetaka utulivu na bei ya kupatana aje Jumatatu hadi Alhamisi. Kama bajeti yako haifiki kulala, uliza kama unaweza kuagiza chakula tu na kukaa ufukweni mchana. Je, kuogelea ni salama? Swali hilo waulize wenyeji wa ufukwe huo huo, maana jibu la Magara si jibu la Minago. Ziwa lina viboko na mamba, na hupenda midomo ya mito na sehemu zenye matete. Kuna pia kichocho, ugonjwa unaoletwa na vijidudu wanaoishi ndani ya konokono wa majini. Hupatikana zaidi kwenye maji yaliyotulia yenye majani. Chagua mchanga mweupe wenye mawimbi, oga mchana kweupe, usikae majini muda mrefu, jifute vizuri ukitoka. Ukiona haja kubwa ina damu wiki kadhaa baadaye, nenda kituo cha afya. Dawa ipo na inaponya. Kingine, kina cha maji kimepanda sana miaka ya karibuni hata kumeza nyumba na vibanda vya ufukweni, hivyo ufukwe uliouona kwenye picha ya zamani huenda sasa uko chini ya maji.

Rumonge yenyewe ni mji wa kutembea kwa miguu. Anzia mwaloni alfajiri, kabla jua halijapanda. Wavuvi wa hapa hufanya kazi usiku wakitumia taa kuvuta samaki, na taa hufanya kazi vizuri gizani. Ndiyo sababu siku za mwezi mpevu mwalo hupoa, na siku za mwezi mchanga huchangamka. Angalia kalenda ya mwezi kabla ya kupanga tarehe. Wageni wachache hufanya hivyo, na wengi hurudi wakisema hawakuona samaki. Kuna pia vipindi ambavyo mamlaka husimamisha uvuvi ili samaki wazaliane. Samaki wawili ndio wenye jina: mukeke, mwenye nyama laini, ambaye huchomwa au kukaangwa akaliwa na ugali au ndizi, na ndagala, ambao Watanzania huwaita dagaa. Ndagala wa kupeleka nyumbani nunua waliokaushwa kwenye chanja, yaani vitanda vya wavu vilivyoinuliwa juu ya ardhi. Bei yake huwa juu kuliko ya wale walioanikwa chini, lakini hawana mchanga. Kabla ya kumpiga mtu picha akiwa kazini mwombe ruhusa, na bandarini, penye askari, usitoe kamera kabisa.

Baada ya samaki, tazama mawese. Rumonge ndiyo kitovu cha michikichi ya Burundi, na pembezoni mwa mji utaona mashine ndogo za kukamulia mafuta: matunda huchemshwa kwenye mapipa, huminywa, na mafuta mekundu hutiririka. Wenye mashine kwa kawaida ni wakarimu. Nunua chupa moja kwao badala ya kutoa pesa ya kutazama. Heshima inakuwa ya pande zote. Wakati wa swala ya Ijumaa mji hutulia, na mavazi ya staha ni lazima ukipita karibu na misikiti.

Mji huu una historia nzito. Mapadri weupe wa Kikatoliki walifika Rumonge mwaka 1879 kuanzisha misheni ya kwanza nchini, na tarehe 4 Mei 1881 watatu kati yao waliuawa: Deniaud, Augier na msaidizi wao D'Hoop. Karne moja na zaidi baadaye, tarehe 30 Septemba 1995, kule Buyengero, kwenye vilima vya juu ya Rumonge, waliuawa wamisionari Waitaliano Ottorino Maule, Aldo Marchiol na Catina Gubert. Waumini bado huwakumbuka, na anayetaka kuomba pale aende parokia ya Buyengero aonane kwanza na paroko. Kati ya tarehe hizo mbili kuna mwaka 1972, mwaka wa mauaji makubwa, ambao familia nyingi za mwambao huu zinaubeba hadi leo. Usiwaulize watu habari zake kwa udadisi. Mtu akianza mwenyewe kukusimulia, sikiliza, na uweke simu mfukoni.

Nje ya mji kuna Mugara, chemchemi ya maji ya moto. Maji ya mvua huzama kwenye nyufa za bonde la ufa, hupata joto chini sana, kisha hurudi juu yakiwa bado ya moto. Watu huja kuoga wakiamini yanatuliza maumivu ya viungo. Pikipiki ya kukodi kutoka Rumonge ndiyo njia rahisi. Patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja, maana ukilipa ya kwenda tu utapata taabu kurudi. Leta nguo ya kuogea yenye staha na sandali. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo, na mama mjamzito, asizamishe mwili mzima.

Ukiendelea kusini kuelekea Nyanza-Lac utafika Kigwena, msitu wa hifadhi wa hekta 500 hivi. Ni mabaki ya misitu ya nyanda za chini iliyowahi kutanda mwambaoni. Mashamba ya michikichi yamefika hadi ukingoni mwake. Ndani kuna miti mirefu, kivuli kizito, nyani na ndege, na matembezi hayachoshi hata kwa mzee au mtoto. Msimamizi ni OBPE, ofisi ya serikali ya kulinda mazingira. Walinzi wake ndio watakaokuambia kiingilio cha siku hiyo na kukupa mwongozaji. Omba stakabadhi, na zawadi ya mwongozaji iwe kando ya kiingilio. Wanaotaka sokwe wapande Vyanda, kwenye misitu ya miombo upande wa Bururi. Huko nenda na OBPE pekee, uanze mapema, ukijua kwamba sokwe wa Vyanda hawajazoea watu na unaweza kurudi ukiwa umesikia sauti zao tu.

Na kama umebakiwa na siku moja, ipeleke Gasumo, katika eneo la Rutovu, juu kabisa ya milima ya Bururi. Hapo kuna piramidi ndogo ya mawe iliyojengwa mwaka 1938, baada ya Mjerumani Burkhart Waldecker kuifuata Nile hadi kwenye chemchemi yake ya kusini zaidi. Stanley na Livingstone walikuwa wakilitafuta jibu chini ziwani, na kijito chenyewe kilikuwa huku juu, nyuma ya milima waliyokuwa wakiitazama kutoka mtumbwini. Barabara ya kupanda kutoka Rumonge kwenda Bururi ina kona nyingi, kwa hiyo kodi gari lenye breki za uhakika na uondoke asubuhi ili giza lisikukute mlimani. Piramidi iko zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na hata Julai, wakati Rumonge wanatoka jasho, huko juu utahitaji sweta.